Ami zetu wanataka arobaini ya ng'ombe wawili, na baba ameacha watoto wadogo

SWALI: Assalaam alaykum Shekhe. Mimi ni binti wa Tanga. Baba yetu alifariki ghafla wiki mbili zilizopita, Jumanne usiku, tukamzika Jumatano baada ya Alasiri. Kaka yetu mkubwa yuko Muscat kikazi, alipata tiketi ya Ijumaa akaomba tumsubiri, wazee wakakataa. Sasa amekuja na hasemi nasi, anasema tumemnyima baba yake. La pili ni arobaini. Ami zetu wanataka hitima kubwa: ng'ombe wawili, wali, maturubai. Wamekadiria shilingi 4,000,000, zitoke kwenye akiba ya marehemu benki. Baba ameacha mjane, ambaye ni mama yetu wa kambo, na watoto watano. Wakubwa ni kaka, mimi na mdogo wangu wa kiume. Wadogo ni mvulana wa miaka 9 na msichana wa miaka 6. Mama yetu na wazazi wa baba walishatangulia. Hakuacha wasia, ila anadaiwa 900,000 za mbao. Nikisema neno naambiwa simpendi baba. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wenu, amsamehe, alipanue kaburi lake, na awape nyote subira.

Nianze na kaka yako, kwa sababu mali itagawanywa na kwisha, lakini undugu ukivunjika msibani huchukua miaka kuunga. Wazee hawakukosea. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema katika hadithi iliyo kwa Bukhari na Muslim kwamba tuliharakishe jeneza: likiwa la mtu mwema, ni kheri tunayomtanguliza nayo, na likiwa si hivyo, ni shari tunayoitua mabegani mwetu. Kumngoja jamaa wa karibu saa chache, akiwa njiani na maiti haihofiwi kuharibika, wanazuoni wetu wa Kishafii wameliona halina ubaya. Kungoja kuanzia Jumatano hadi Ijumaa ni habari nyingine.

Lakini msimjibu kaka yenu kwa hadithi hiyo halafu mkanyamaza. Mwambieni na hii. Alikuwapo Madina mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti. Akafariki, Masahaba wakamzika bila kumjulisha Mtume. Alipouliza habari zake akaambiwa ameshafariki. Akasema, kwa nini hamkuniambia? Kisha akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamsalia palepale. Mtume mwenyewe alikosa maziko ya mtu aliyemjali, na mlango haukufungwa. Katika madhehebu yetu, mtu mzima aliyekuwa na wajibu wa kusali siku ile marehemu alipokufa anaweza kumsalia kaburini, takbira zake nne kama kawaida, hata baada ya siku hizi zote. Basi mpelekeni. Asiende peke yake. Mtangulie wewe kumwomba radhi kwa uchungu alioupata, ingawa hukufanya kosa, kisha mdogo wako aende naye hadi kaburini.

Sasa arobaini. Kumwombea maiti, kusoma Kurani na kuomba thawabu zimfikie, ni jambo ambalo wanazuoni wengi wa madhehebu yetu wamelikubali, na sitawagombanisha na ami zenu kwa hilo. Siku ya 40 yenyewe, hata hivyo, haikuwekwa na Mtume. Mkisoma siku ya 20 au ya 50, au kila usiku nyumbani mkiwa wawili watatu, hakuna kilichopungua.

Kwenye chakula ndiko kuliko na uzito. Mwaka wa 8 Hijria Jafari bin Abi Talib aliuawa shahidi katika vita vya Muuta. Habari ilipofika Madina, Mtume aliwaambia watu wawapikie jamaa wa Jafari, kwani limewafika la kuwashughulisha. Angalia chungu kilivyotembea: kilitoka kwa majirani kikaingia nyumba ya msiba. Na kwa mayatima wale, mama yao Asmaa bint Umais aliposhtaki uyatima wao, Mtume akamjibu, unawahofia ufukara na mimi ndiye walii wao duniani na Akhera? Sisi tumekigeuza chungu njia. Imamu Nawawi, ambaye ami zenu wanafuata madhehebu yake, amenukuu kwamba wafiwa kutengeneza chakula na kukusanya watu ni bidaa isiyopendeza. Ndivyo ilivyo hata mali ikiwa ya watu wazima walioridhia.

Hapa kwenu hali si hiyo. Gharama za sanda, kuosha na kuchimba kaburi hutoka kwenye mali ya marehemu, na hizo zimekwisha. Kinachofuata ni deni. Mtume amesema nafsi ya muumini imefungamana na deni lake mpaka lilipwe. Mwenye mbao alipwe 900,000 zake wiki hii, kabla hamjazungumzia wali. Hiyo ndiyo zawadi ya kwanza anayoisubiri baba yenu.

Baada ya deni, akiba ile si ya marehemu tena. Igawanyeni mafungu 64: mjane ana 8, kila mtoto wa kiume 14, kila wa kike 7. Ami hawana kitu, kwa kuwa wana wa kiume wapo. Wale wadogo wawili kwa pamoja wana mafungu 21. Kwa hiyo katika hizo shilingi 4,000,000, shilingi 1,312,500 ni za mtoto wa miaka 9 na wa miaka 6. Wao hawawezi kutoa idhini, na hakuna mkubwa, hata mama yao, mwenye haki ya kuzitoa kwa shughuli. Sura ya Nisaa, aya ya 10, inasema wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Wageni watakaokaa kwenye jamvi lenu hawatajua wanakula nini. Ninyi mnajua.

Mfikirie na mjane. Eda yake ni miezi minne na siku kumi. Siku ya 40 hatakuwa amefika hata theluthi. Nimeona nyumba ambako arobaini huhesabiwa kuwa ndiyo kuanua matanga, mjane akatolewa nje kabla ya wakati wake. Msikubali.

Ami zako hawana nia mbaya, mwanangu. Wamempoteza ndugu yao, na ng'ombe ni njia wanayoijua ya kumlilia. Usiende kuwakabili peke yako. Nenda na kaka yako, ndiye mkubwa na sasa nadhani mtakuwa mmeshazungumza, na mchukueni imamu wa msikiti wenu. Waambieni: anayetaka kumfanyia ndugu yake jambo atoe mfukoni mwake, na dua itasomwa, na kahawa itakuwapo. Nyinyi wakubwa watatu mkitaka kutoa kwenye mafungu yenu, fanyeni kama Saad bin Ubada. Mama yake alifariki yeye akiwa hayupo, kama kaka yako, akamuuliza Mtume kama sadaka itamfaa. Alipoambiwa naam, akatoa shamba lake la mitende kwa ajili yake.

Wallahu aalam.