Wasomaji Wanauliza: Mnunuzi wa Marudio Anafuata Nini?

SWALI: Mimi ni mchimbaji mdogo wa Katoro, mkoani Geita. Mawe yetu husagwa kwenye karasha, huoshwa kwenye mwalo, yaani mteremko uliotandikwa magunia, kisha dhahabu hukamatwa kwa zebaki. Mchanga unaobaki, yaani marudio, kwa mazoea ya hapa huachiwa mwenye karasha. Safari hii nimeng'ang'ania marudio yangu, na tayari mnunuzi mmoja amekuja mara tatu kutaka kuyabeba kwa lori. Ikiwa zebaki imekwisha kuchukua dhahabu, huyu bwana anafuata nini?

JIBU: Anafuata dhahabu, ndugu msomaji, na huenda iliyobaki humo ni nyingi kuliko ile uliyokwisha kuuza. Zebaki haiyeyushi mwamba wala haipenyi ndani ya punje ya jiwe. Hushika tu chembe ya dhahabu inayogusana nayo uso kwa uso, na chembe hiyo iwe imeachana na mwamba, iwe safi, tena isiwe laini mno. Dhahabu iliyofungiwa ndani ya pairiti, yale madini yanayong'aa kama dhahabu na kuwadanganya wageni, huipita zebaki bila kuguswa, na ile iliyo laini kama vumbi huelea na maji ikapita juu ya magunia ya mwalo. Ndiyo maana mara nyingi mchimbaji anayetegemea zebaki hupata chini ya nusu ya dhahabu iliyokuwamo katika mawe yake.

Shida hii si ya Katoro peke yake. Miaka ya mwisho ya 1880, wachimbaji wa Witwatersrand, Afrika Kusini, walipita chini ya mwamba laini uliooza kwa hewa na mvua wakakuta mwamba mgumu uliojaa pairiti. Zebaki iliyokuwa imewatajirisha ikaanza kuwaangusha, na hisa za migodi zikaporomoka. Jibu lilitoka mbali na machimbo, mjini Glasgow, Uskoti, ambako mkemia John Stewart MacArthur na madaktari wawili ndugu, Robert na William Forrest, walisajili mwaka 1887 njia ya kuyeyusha dhahabu kwa maji yenye kidogo ya sianidi, kemikali yenye sumu kali. Kwamba sianidi huyeyusha dhahabu lilikuwa limejulikana tangu siku za mkemia Scheele wa Sweden mwaka 1783, na mwaka 1846 Mjerumani Elsner alionyesha kwamba bila oksijeni dhahabu haiyeyuki. Walichoongeza watu wa Glasgow ni kuyageuza maarifa hayo ya kwenye chupa kuwa kazi ya matangi: maji hafifu ya sianidi yapite kwenye mchanga, kisha yapite kwenye vipande vya zinki ili dhahabu iiache sianidi na kutua. Mwaka 1889 njia hiyo ilikuwa inafanya kazi Karangahake, New Zealand, na mwaka 1890 ikaingia Witwatersrand. Ilikuwa na faida kubwa kiasi kwamba wenye migodi waliipinga mahakamani haki ya kuimiliki njia hiyo, na mwaka 1896 mahakama ya Transvaal, jamhuri iliyokuwa na machimbo hayo ya Witwatersrand, ikaifuta haki hiyo. Mnunuzi wako, basi, anarudia jambo lenye umri wa zaidi ya miaka mia moja na thelathini.

Kilichobadilika tangu hapo ni namna ya kuinasa dhahabu ikishayeyuka, na hapa pana jambo linalonifurahisha mimi niliyekulia kwenye minazi. Zinki inadai maji yaliyochujwa yakawa maangavu kabisa, kazi ngumu na ya gharama panapokuwa na tope jingi. Kaboni, yaani makaa maalumu, haina madeko hayo: huchanganywa humohumo na tope, ikainyonya dhahabu, kisha ikachujwa kwa wavu kwa sababu punje zake ni kubwa kuliko mchanga. Kaboni inayopendwa kuliko zote hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, kwa sababu makaa yake ni magumu na hayasagiki upesi kwenye matangi. Kifuu huchomwa bila hewa, kisha makaa yake hupitishiwa mvuke mkali hadi yatoboke vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja ya makaa hayo, ukikunjua kuta za vitundu vyake vyote, ina eneo la takriban mita za mraba 1,000. Kikwazo kilikuwa kuitoa dhahabu ndani ya kaboni bila kuichoma kaboni yenyewe kila mara. Mapema miaka ya 1950, Mmarekani J. B. Zadra na wenzake walipata njia ya kuiosha kwa maji moto yenye magadi makali na sianidi, na mwaka 1973 mgodi wa Homestake, South Dakota, ukawa wa kwanza kuitumia njia nzima kwa kiwango kikubwa. Unaposikia watu wa Geita wakisema kaboni imepelekwa elusheni, ni uoshaji huohuo wanaousema.

Sasa turudi kwenye lundo lako. Usikubali bei kabla hujapima. Sampuli usiichote juu juu, kwa kuwa chembe nzito huzama na juu pakabaki pa kudanganya. Chimba sehemu nyingi za lundo kutoka kileleni hadi chini, changanya ulichochota juu ya turubai, kikusanye kiwe kichuguu, kikate mafungu manne kwa koleo, tupa mafungu mawili yanayotazamana, changanya yaliyobaki, na urudie hivyo mpaka ubaki na kilo mbili hivi. Nusu ipeleke maabara, nusu ifunge uiweke kwako, maana maneno huwa hayakosi. Tuseme maabara imekuta gramu 4 kwa tani na lundo lako ni tani 50 likiwa kavu: hizo ni gramu 200. Mchenjuaji, yaani mwenye kazi ya kuitoa dhahabu mchangani, akitoa asilimia 75 ataondoka na gramu 150, na humo ndimo zimo gharama zake za usafiri, chokaa, sianidi na kaboni, na ndimo mnapogombania wewe na yeye. Kumbuka pia kwamba marudio huwa mabichi. Yakiwa na maji asilimia 15, lori la tani 10 limebeba tani moja na nusu ya maji, kwa hiyo ukiona mnunuzi anakata uzito si lazima awe mwizi, ila muulize amepimaje.

Jambo moja nisipolisema nitakuwa nimekosea. Marudio yako yamebaki na zebaki, na zebaki ikikutana na sianidi huyeyuka nayo ikasafiri na maji mbali kuliko ambavyo ingesafiri peke yake. Kwa sababu hiyo Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania imeuridhia, unautaja uchenjuaji wa sianidi kwa mchanga uliotiwa zebaki bila kuiondoa kwanza kuwa miongoni mwa desturi mbaya kabisa zinazopaswa kukomeshwa, sambamba na kuchoma donge la zebaki hadharani na ndani ya makazi. Wala usijaribu sianidi nyumbani. Maji yake hayana budi kuwa makali kwa chokaa wakati wote, kwani yakipungua ukali huo hutoa gesi inayoua kabla mtu hajatambua anavuta nini.

SWALI: Mimi ni mwalimu, niko Mwanza. Mwaka 2017 tulilisikia neno makinikia kila siku, lakini sikupata kueleweshwa ni kitu gani. Kwa nini mgodi usiichenjue dhahabu yote palepale?

JIBU: Makinikia ni unga wa madini uliokwisha kutengwa na mawe yasiyo na thamani, lakini bado haujayeyushwa kuwa metali. Ubishi uliofuata zuio la kuyasafirisha nje ya nchi la Machi 2017 tunawaachia wenye ukumbi wake. Sisi tutazame tangi. Mwamba wa mgodi wa Bulyanhulu una dhahabu iliyochangamana na shaba. Shaba huila sianidi kabla dhahabu haijapata fungu lake, kwa hiyo kumimina sianidi juu ya unga wa namna hiyo ni kutupa fedha. Badala yake hutumika povu. Mwamba uliosagwa hutiwa kwenye maji pamoja na dawa inayozivika punje za shaba na pairiti ngozi isiyoshika maji, mfano wa jani la gimbi, ambalo ukilimwagia maji hubaki kavu. Hewa ikipulizwa kutoka chini, punje hizo huyakimbia maji na kushikamana na mapovu, zikapanda juu zikafurika ukingoni, na mchanga mtupu ukabaki chini. Kinachofurika kikikaushwa ndicho makinikia, na tanuri la kuyeyusha shaba ndilo linaloitenganisha dhahabu yake.

Njia hii nayo ilizaliwa kwenye marudio. Kule Broken Hill, Australia, mamilioni ya tani za mchanga wenye zinki yalikuwa yamerundikwa kwa kukosa mtu wa kuyaweza, na miaka ya mwanzo ya 1900 watu wa migodi hiyo, akiwamo meneja mmoja aliyeitwa Delprat, wakaanza kuielesha zinki hiyo kwa viputo.

SWALI: Ninasoma kidato cha sita Morogoro, mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati. Je, katika uchenjuaji wa dhahabu umebaki utafiti wowote wa kufanywa, au wakubwa wamekwisha kumaliza?

JIBU: Umebaki mwingi, mwanangu, na mwingi wake unahusu kuiacha sianidi. Mgodi wa Goldstrike huko Nevada ulianza mwaka 2014 kuyeyusha dhahabu kwa kemikali iitwayo thiosulfati, baada ya miaka mingi ya kazi na shirika la utafiti la Australia, CSIRO. Chuo Kikuu cha Curtin, Australia, kinashughulika na glisini, ambayo ni moja ya vijenzi vya protini. Uhandisi wa migodi na uchenjuaji unaweza kuusomea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kemia utakayoikuta huko ni hiyohiyo ya darasani kwako, ila ina tope. Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, ambako wamejaribu kuyeyusha dhahabu kwa sianidi inayotoka kwenye muhogo mchungu, wakiwalenga wachimbaji wadogo wanaotumia zebaki. Bibi zetu waliuloweka muhogo huo siku kadhaa na kumwaga maji yake ili watu wasife. Watafiti hawa maji hayo ndiyo wanayoyataka.