Maswali yenu: Eti stempu zilichapwa Vuga?

SWALI: Shikamoo mhariri. Bibi yetu kafariki, katuachia kasanduku ka bati na ndani tumekuta bahasha za zamani, moja ina stempu nyekundu yenye picha ya meli imeandikwa 7½ Heller, na muhuri wa duara unasomeka Wilhelmstal 1912. Mjomba anasema hiyo ndo Lushoto yetu, tena anasema wakati wa vita ya Mjerumani stempu zilikuwa zinachapwa Vuga kwa wamisheni. Sisi tunabisha, Vuga hii hii? Na je tuzibandue tuuze? – Msomaji, Soni

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana kwa msiba. Mjomba msimbishie, yuko sahihi kote.

Wilhelmstal ndo Lushoto, Wajerumani waliipa jina la mfalme wao Wilhelm wa Pili, na hiyo meli kwenye stempu ni yake, inaitwa Hohenzollern, koloni zao zote zilitumia picha hiyohiyo. Heller zilikuwa pesa za huku enzi za Mjerumani, 100 zilikuwa rupia 1, na hiyo 7½ ndo ilikuwa nauli ya barua ya kawaida mpaka Ujerumani. Sasa fikiria safari yake, inashuka na zile kona zote mpaka Mombo, kilomita 33 hivi, pale inapanda treni ya Tanga (reli ilifika Mombo 1905) halafu ndo meli kupitia Suez.

Haya, Vuga. Wengi wetu tunaijua kama makao ya Wakilindi, ukoo wa kifalme wa Usambara, Kimweri ye Nyumbai alitawala pale karne ya 19, lakini wamisheni wa Kijerumani wa Betheli nao walikuwa na kiwanda cha uchapaji palepale. Vita ilipoanza 1914 manowari za Waingereza zikafunga pwani, meli kutoka Ujerumani ikawa shida kufika, stempu kwenye maposta zikaanza kwisha, kwa hiyo 1916 serikali ya Mjerumani ikawapa kazi hao wamisheni wachape stempu, za heller 2½, za 7½ na za rupia 1. Zikachapwa kweli, ila hazikuwahi kuuzwa dirishani hata moja, maana meli moja ya Ujerumani ilipenya ikaleta stempu za kawaida, halafu Waingereza walikuwa wanakaribia na Lushoto yenyewe ilitekwa Juni 1916. Wajerumani wakazifukia ardhini zisichukuliwe! Baada ya vita zikafukuliwa, zikapelekwa Ujerumani, na posta ya huko ikaziuza 1921 kwa wakusanyaji. Mimi naona hii habari ilitakiwa mtoto yeyote wa Usambara aijue tangu shule ya msingi, yaani stempu zinazotafutwa na watu Ulaya zimepigwa chapa juu ya milima yetu na sisi wenyewe tunabishana kama ni kweli.

Waingereza walipoingia wakatumia stempu zao za Afrika Mashariki (Kenya ya leo) na Uganda zilizogongwa G.E.A., yaani German East Africa, mpaka 1922 ndo tukapata ile ya twiga ya Tanganyika. Kwa hiyo angalieni hizo bahasha nyingine, kama kuna G.E.A. au twiga mtajua mara moja ni za lini.

Kuhusu kubandua, jamani MSIBANDUE. Stempu hiyo ikiwa peke yake ni ya kawaida tu, zipo nyingi, chenye maana ni bahasha nzima, stempu na muhuri wa Wilhelmstal na anwani vikiwa pamoja, ukiloweka kwenye maji umefuta ushahidi wote. Msigandishe na gundi wala selotepu, wekeni kwenye bahasha mpya ya karatasi, mahali pakavu, na huko Soni na ukungu wenu lile bati litawahi kushika kutu, zitoeni. Na mtu akiwaletea stempu ya Vuga mnunue, mwulizeni kaitoa wapi kabla hamjatoa hela.

Halafu someni anwani, barua alikuwa anaandikiwa nani? Kama ndani bado kuna karatasi, pigeni picha pande zote mbili mnitumie, mwandiko wa Wajerumani wa enzi zile ni mgumu hata kwa wanaojua lugha ila wapo wanaousoma, nitawatafutia mmoja.