Kabla ya Friji, Nunua Kwanza Umeme Wake

Friji yetu ya kwanza niliinunua kwa shilingi 380,000. Ilikuwa ya mtumba kutoka Ulaya, nyeupe, milango miwili, ndefu kunizidi. Mpya ya ukubwa ule ilikuwa inapita milioni moja. Muuzaji aliiwasha mbele yangu, nikaingiza kiganja ndani, baridi tele, nikalipa. Kirikuu kutoka Ilala mpaka Tabata 25,000, vijana wa kushusha 10,000. Usiku ule nililala nikiamini nimeokoa zaidi ya laki sita.

Wakati huo mita yetu ilikuwa kwenye D1, tarifu ya watumiaji wadogo. Humo, mradi hujavuka uniti 75 kwa mwezi, uniti moja inakuja kama shilingi 122 ukijumlisha kodi na tozo. Kwa taa, televisheni, feni na pasi tulikuwa tunamaliza uniti 60 hivi, yaani elfu saba na kidogo. Kwenye daftari la matumizi sikuwa hata naandika umeme.

Wiki ya pili mume wangu akaniambia, "Mama Rehema, mbona LUKU inakata mapema siku hizi?" Sikuwa na jibu. Ikatokea tumekwenda kulala msibani, nyumbani hakuna mtu, kila kitu kimezimwa isipokuwa friji. Niliandika uniti zilizosomeka kwenye mita wakati natoka, na kesho yake saa ile ile nikazisoma tena. Zimekwenda uniti mbili na nusu. Kwa mwezi ni uniti 75, friji peke yake, nyumba haina mtu na mlango wake haujafunguliwa hata mara moja.

Jumla yetu ikafika uniti 135 na D1 ikatuacha. Kwenye T1, tarifu ya kawaida, uniti ni kama shilingi 356. Umeme wa elfu saba ukawa elfu 48. Piga hesabu ya mwaka: nyongeza inakaribia shilingi 490,000. Mwaka mmoja tu wa umeme umeipita bei ya friji yenyewe, na hapo sijamtaja fundi.

Fundi alikuja mwezi wa nne, ilipoanza kuunguruma bila kupumzika. Kabla ya kugusa chochote aliinama, akasoma kibandiko cha ndani, akaniita. "Dada, njoo uone. Hii imetengenezewa nchi za baridi." Palikuwa na herufi N. Ndipo nikajifunza kwamba friji hupangwa kwa joto la mahali: N imeundwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST nyuzi 38, T nyuzi 43. Jiko letu lina bati na dirisha moja. Mwezi wa Februari mchana nyuzi 32 zinapitwa bila shida. Kompresa ilikuwa inakimbia usiku na mchana na haifiki inakokwenda. Halafu akachukua noti ya elfu moja, akaifungia kwenye mlango na kuivuta. Ikatoka laini kama inatoka kwenye pochi. Mpira ulikuwa umekufa, baridi tunayoilipia inamwagika sakafuni.

Kwa hiyo sasa, awe jirani au mdogo wangu, anayenishirikisha mpango wa kununua friji, sianzi na bei. Naanza na kibandiko. Tafuta namba ya kWh kwa mwaka (kWh moja ndiyo uniti moja), igawe kwa 365, umepata uniti za siku. Friji iliyoandikwa 365 inakula uniti moja kwa siku. Iliyoandikwa 180 inakula nusu. Namba hiyo imepimwa maabara, kwa hiyo kwenye joto letu ongeza kidogo. Herufi za rangi zinazopanga friji kwa ulaji wa umeme zisikudanganye, hasa kwenye mtumba: Ulaya walibadilisha vipimo vya friji Machi 2021, kwa hiyo A ya zamani si A ya sasa. Soma namba. Ukikuta kibandiko kimebanduliwa, mimi naondoka dukani.

Na kama bado uko D1, hesabu mara mbili. Jumlisha uniti unazotumia sasa na uniti za friji. Ikivuka 75 ukahamishiwa T1, basi hununui umeme wa friji tu. Hata taa zako zinapanda bei. Nimeona watu wakigombana na mpangaji au na watoto kuhusu pasi, kumbe kilichowahamisha ni kitu kilichosimama kimya jikoni.

Sisemi mtumba ni mbaya. Blenda au pasi ya mtumba inayofanya kazi sina neno nayo, inawaka dakika chache inazimwa. Friji inawaka mwaka mzima, na hapo ndipo urahisi wa bei unapokugeuka. Baadaye tuliuza ile kubwa tukachukua mpya ndogo, ya alama ya T. Si kubwa kama nilivyotamani, lakini nyanya na maziwa vinakaa. Tuliweka pia kifaa cha kuilinda umeme unapopanda na kushuka, na risiti ya EFD nimeibana pamoja na kadi ya waranti, maana bila hivyo viwili dukani hawakusikilizi.

Utaratibu tunaoufuata nyumbani ni huu: kabla ya kununua kifaa, tunaishi miezi mitatu kana kwamba kimeshafika. Kiasi cha umeme wake, maji yake kama yapo, na fungu la fundi, vinatolewa kila mwezi na kuwekwa kando. Tukiona tunahangaika kukitoa, kifaa hicho hakijafika wakati wake, hata kama bei yake imeshatimia kwenye kikoba.

Sasa hivi tuko kwenye mashine ya kufulia. Tumepanga elfu 20 kwa mwezi, umeme na maji. Mwezi wa kwanza tuliweka yote. Mwezi wa pili ada ya shule ikaingia, nikachomoa elfu 15. Tumekubaliana kuanza kuhesabu upya kuanzia mwezi ujao, na Jumamosi mabeseni bado yanatoka uani kama kawaida.