Udaktari wa mifugo: soma jina la shahada kabla ya jina la chuo

Mdogo wangu wa Malindi, nimelisoma swali lako. Biolojia na kemia umepasi vizuri, unataka kutibu wanyama, na mjomba anakwambia uchukue kwanza shahada yoyote ya sayansi karibu na nyumbani, udaktari utafuata. Nadhani mjomba ameyasoma ya Marekani. Kule ndiko mtu huanza na miaka minne ya chuo, halafu minne mingine ya udaktari wenyewe. Kwetu Kenya unaingia moja kwa moja ukitoka kidato cha nne. Mimi nilisoma Kabete, Chuo Kikuu cha Nairobi, miaka 5. Egerton kule Njoro nao wanafundisha udaktari huu.

Jina la shahada ndilo lililomponza mwenzangu tuliyemaliza naye sekondari Lamu. Alichukua shahada yenye maneno "afya ya mifugo", chuo sikitaji. Ada imeisha, joho limevaliwa, ndipo akajua kwamba kwa sheria ya 2011 Bodi ya madaktari wa mifugo ina daftari la madaktari na daftari la wasaidizi, na yeye ni wa hilo la pili. Ni kazi ya heshima na mkate anaupata. Lakini siyo aliyoiendea.

La pili, uliza utashika wanyama wangapi. Mimi nimekulia Langoni, na utoto wangu wote nilishinda kwenye kile kituo cha punda cha Lamu, kilichokuwepo tangu 1987, nikishika kamba huku punda akioshwa vidonda vya mgongoni vya kubeba mawe na mchanga. Nikaenda Kabete nikijiona nusu daktari. Ng'ombe wa kwanza nikavaa glavu inayofika begani, nikaingiza mkono, nikapapasa, kisha nikatangaza mbele ya darasa: ana mimba ya miezi mitano. Mwalimu naye akapima, akanyamaza kidogo. "Hongera," akasema, "umeshika tumbo la nyasi." Wenzangu wa bara waliozaliwa zizini walicheka mpaka ng'ombe akageuka kutazama. Ilinichukua wiki na ng'ombe wengi mpaka vidole vikaanza kutofautisha. Hilo hulipati kitabuni, wala hulipati pale wanafunzi thelathini wanapozunguka ng'ombe mmoja. Ukiweza, nenda ukajionee kabla hujajaza KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo, na uwaulize wanafunzi wa mwaka wa nne. Walimu watakuonyesha majengo.

Alama zikikosa kutosha, ipo stashahada ya afya ya mifugo kwenye vyuo vya AHITI, vya mafunzo ya afya ya mifugo, Kabete au Ndomba. Iendee ukijua ni njia ya usaidizi.

Umbali na nyumbani usikutishe, basi la usiku lipo. Baridi ndiyo itakutesa, hasa Julai. Sweta usinunue Malindi. Pale Kangemi, karibu na chuo, mitumba mizuri imejaa.