Maswali ya Wasomaji: Mtoto Analala Barazani, Nianzie Wapi?

SWALI: Nina duka la nafaka Busia, Uganda. Mvulana wa miaka kama kumi hulala barazani, na mchana huokota vyuma chakavu. Nataka kumpeleka kituo cha kulelea watoto. Nianzie wapi? (Mama wa dukani)

JIBU: Mama, kituo ndicho mlango wa mwisho, na kukaa huko kunahitaji amri ya Mahakama ya Familia na Watoto. Anza kwa LC1, yaani baraza la kijiji. Kisheria, makamu mwenyekiti wa kijiji ndiye katibu wa masuala ya watoto. Wengi hawalijui hilo, hata baadhi ya makamu wenyewe. Akupe barua, uende nayo kwa afisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya. Ukikwama, piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, uombe namba ya kesi uiandike. Ukipiga tena bila namba hiyo, utasimulia yote upya.

Kabla ya hapo zungumza na mtoto taratibu, kwa siku kadhaa. Watoto wa barabarani hubadilisha majina kwa sababu wanaogopa kurudishwa kwa aliyekuwa akiwapiga. Kwa hiyo usishikilie jina tu. Muulize soko la kwao hufanyika siku gani, mwalimu mkuu aliitwa nani, walisali wapi, bibi yake anasema lugha gani. Kwa majibu hayo afisa anaweza kuifikia parokia (eneo la utawala lililo juu ya kijiji), pengine hata kijiji.

Usimpandishe teksi ukamrudisha mwenyewe. Kampala watoto wamekusanywa mara nyingi, wakapelekwa Kampiringisa, kituo cha serikali cha kurekebisha watoto kule Mpigi, au kurudishwa Napak, wilaya ya Karamoja, na wengi wakarejea mjini. Nyumbani palikuwa vilevile: chakula hakuna, baba wa kambo yuleyule, shule inadai hela ya chakula ingawa UPE, mpango wa elimu ya msingi bila ada, ilianza 1997. Afisa anapaswa kuikagua nyumba kabla mtoto hajarudi, kisha aitembelee tena baadaye. Ziara ya pili ndiyo hurukwa, kwa kisingizio cha mafuta ya pikipiki. Ifuatilie wewe kwa ile namba ya kesi.

SWALI: Mama yangu yuko Tororo, analea wajukuu watatu. Ana miaka 82, lakini kitambulisho kinasema 71. Posho ya wazee amenyimwa. (Mwana, Mbale)

JIBU: Posho ya SAGE, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na ilipoenezwa nchi nzima ilikusudiwa wenye miaka 80 na zaidi. Umri husomwa kwenye kumbukumbu za NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, si usoni. Kwanza, basi, rekebisheni tarehe huko wilayani: pelekeni cheti cha ubatizo au karatasi yoyote ya zamani yenye mwaka, pamoja na barua ya LC1. Kugombana na afisa wa posho ni kupoteza nauli.

Wakati mnasubiri, kaya yenu inaweza kuomba mkopo wa PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, wa shilingi milioni 1, riba asilimia 6 kwa mwaka, kupitia kikundi na SACCO ya parokia. Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina la mwombaji mwenyewe. Anayedai “chai” ili jina lipite, mshtakini. Na msikimbilie nguruwe kwa kuwa jirani kanunua: homa ya nguruwe haina chanjo hapa, banda zima huisha kwa wiki moja na deni libaki. Kuku wa kienyeji waliochanjwa kideri wanamfaa zaidi bibi mwenye wajukuu.

SWALI: Ni kweli kumpa mtoto sarafu Kampala ni kosa? (Dereva wa boda, Katwe)

JIBU: Kweli. Sheria ndogo ya jiji ya 2019 inakataza kuwapa watoto wa barabarani pesa au chakula. Kwa maoni yetu inambana mpita njia kuliko mtu mzima anayekaa pembeni akikusanya sarafu jioni. Huyo anaweza kuguswa na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Watu ya 2009. Ukimwona, kumbuka mahali, saa na alivyovaa, upeleke taarifa kwa kitengo cha polisi cha ulinzi wa mtoto na familia.