Usiilipie hiyo seva kabla hujapima umeme wa shule

Mwalimu wa Makete, hiyo seva usiilipie. Umesema mna kompyuta mpakato 40, mmepata seva kubwa iliyotumika (kompyuta kuu ya kuhudumia hizo nyingine) kwa bei nafuu, na unauliza muweke Kolibri au Moodle, zile programu za masomo ya kompyuta, na mnunue kifurushi gani cha intaneti. Mimi nilinunua seva ya aina hiyo kwa shule yetu hapa Rungwe, kwa fedha walizochanga wazazi wanaoishi kwa chai na ndizi, nayo haikumaliza msimu mmoja wa mvua.

Aliyetuuzia alituapia kwamba shule yenye hadhi haiwezi kukosa mashine kama ile, wala hakuuliza umeme wetu ukoje. Ilikuwa ikila takriban wati 300 mchana na usiku, yaani yuniti 7.2 za LUKU kila siku, hata wanafunzi wakiwa wamelala. UPS aliyotupatia, yaani kifaa cha kuendeleza umeme ukikatika, ilikuwa na betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7, ambayo hata ikiwa mpya ina wati-saa 84 tu, na kwa mzigo ule haikufikisha robo saa. Huku mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na radi zikianza umeme hukatika na kurudi mara kadhaa kwa alasiri moja; kila ulipokatika, mashine ilizimika ghafla ikiwa bado inaandika kwenye diski. Machi hifadhidata iliharibika, na kazi zote za kidato cha tatu zikapotea, kwa sababu nakala ya akiba niliiweka kwenye diski ya pili ndani ya mashine ileile. Nilisimama mbele ya wale watoto nikakosa la kuwaambia. Muuzaji yule alijua shule yetu iko wapi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Anzeni na betri, kisha mtafute mashine ambayo betri hiyo inaweza kuibeba usiku kucha. Sasa tunatumia kompyuta ndogo ya wati 15 na rauta ya wati 10, zikilishwa na betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100; hata tukitumia nusu tu ya chaji ili betri isichakae mapema, tunapata karibu siku nzima bila jua wala gridi.

Mwombeni muuzaji awaachie mashine kwa usiku mmoja, msome mita jioni na asubuhi. Akikataa, iacheni hukohuko dukani kwake.