Jaribio la soketi linalofeli mara moja moja: ondoa kusubiri, amua kosa mwenyewe

Mkuu, umesema seva yako ya majaribio inafunga muunganisho, klayenti inaandika, nawe unategemea ECONNRESET (kosa la muunganisho kukatwa ghafla na upande wa pili). Mara unapata EPIPE (kosa la kuandika kwenye muunganisho uliokwisha kufungwa), mara hakuna kosa kabisa, na kila ukiongeza milisekunde za kusubiri tatizo linapungua bila kuisha. Limenisumbua sana hili, na nakusihi ufute huko kusubiri kote.

Seva ikifunga soketi (ncha yake ya muunganisho) baada ya kusoma kila kitu, inatuma FIN, yaani haina tena cha kutuma. Klayenti bado inaruhusiwa kuandika, ndiyo maana send() ya kwanza, yaani wito wa kuandika, inafaulu: data imeingia kwenye bafa ya keneli (hifadhi ya muda ndani ya kiini cha mfumo endeshi), basi. Ikifika ng'ambo na kukuta soketi imefungwa, ndipo RST (ujumbe wa kukata muunganisho ghafla) inarudi, na kwenye Linux send() inayofuata inakupa EPIPE. Lakini seva ikifunga huku kuna baiti ambazo haijazisoma, Linux inatuma RST moja kwa moja, na hapo ndipo unapopata ECONNRESET. Kwa hiyo matokeo yako matatu yanategemea nani kawahi, na mashine ikielemewa mpangilio unabadilika.

Ukitaka ECONNRESET kila mara, upande wa seva weka SO_LINGER (mpangilio wa soketi unaoamua close() ifanyeje) ikiwa imewashwa na muda wake 0, halafu ufunge. RST inatoka papo hapo. Upande wa klayenti usianze na send(), ita recv(), wito wa kusoma, inayozuia: itakaa pale mpaka RST ifike, kisha irudishe kosa. Angalia tu kama umefanya fork (kuzalisha nakala ya mchakato), maana nakala ya soketi ikibaki wazi kwenye mchakato mwingine, close() yako haitumi chochote.

Kwa ECONNREFUSED (kosa la muunganisho kukataliwa), watu hufungua poti, huifunga, kisha hutumia namba ileile. Jaribio jingine linaweza kuichukua katikati. Afadhali ufanye bind() (kushika poti) kwenye poti 0, ili keneli ikuchagulie namba, bila kuita listen(), wito wa kuanza kupokea miunganisho. Kwenye Linux muunganisho unakataliwa na poti inabaki yako.

Mantiki ya programu yako ya kujaribu tena baada ya kosa usiipime kwa mtandao halisi hata kidogo. Tengeneza soketi bandia inayorudisha kosa unalolitaka. Na kama programu yako inachukulia EPIPE na ECONNRESET kuwa kitu kimoja, jaribio liyakubali yote mawili.

Ukimaliza, liendeshe kwa kurudiarudia chini ya `taskset -c 0`, amri inayoibana programu kwenye kiini kimoja tu cha prosesa, huku kazi nyingine nzito ikikimbia kwenye kiini hichohicho.